Mbona Mawazo Mazuri Huja Ukiwa Bafuni?

Hebu nikuulize, ndugu msomaji. Mara ya mwisho ulipopata wazo zuri, lile la kukufanya useme "Aaa, kumbe!", ulikuwa wapi?

Nimewauliza rafiki zangu kadhaa wa kazi hii ya kuandika programu, na majibu yao yanafanana: bafuni, kwenye matatu, nikipiga pasi, nikiosha vyombo, kitandani kabla usingizi haujanichukua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Nilikuwa nimeikodolea macho tarakilishi." Ajabu, sivyo? Tunalipwa kukaa mbele ya tarakilishi, lakini mawazo yenyewe hupenda kuja tukiwa mbali nayo.

Kwangu mimi swali hili lina pesa ndani yake. Mwaka jana nilikuwa na mkataba na kampuni moja ya ng'ambo, iliyokuwa ikitengeneza mfumo wa hesabu kwa vyama vya akiba vya huku kwetu. Malipo yalikuwa mazuri, karibu mara mbili ya kazi niliyokuwa nayo awali hapa Nairobi. Sharti lilikuwa kuweka programu ya kupima muda. Hiyo programu hupiga picha ya skrini yako kila dakika kumi, na huhesabu umebonyeza kibodi mara ngapi na umesogeza kipanya mara ngapi. Vidole vikitulia, saa inasimama. Saa ikisimama, hulipwi.

Basi nikaanza kusoma usiku, nikitaka kujua: ninapotulia, je, ni kweli sifanyi kazi? Niliyoyapata ndiyo haya. Mimi si daktari wa ubongo, nilisomea sayansi ya tarakilishi, lakini mambo haya yana utamu wake hata kwa mtu wa kawaida.

Kabla hatujaenda mbali, chemshabongo. Tafuta neno moja linaloweza kutangulia haya yote matatu: SHERIA, MICHEZO, HABARI. Ukilipata mara moja, hongera. Usipolipata, liache hapo tuendelee. Jibu liko mwishoni, na usichungulie!

Ubongo hauna kitufe cha kuzima

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili wake. Lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili ukiwa umepumzika. Ukiigeuza kuwa umeme ni kama wati 20 hivi, chini ya balbu ndogo ya zamani. Kwa mtu anayelipa bili ya stima, huo ni muujiza.

Muujiza mkubwa zaidi ni huu. Ungedhani ukianza kupiga hesabu ngumu matumizi yatapanda ghafla, kama feni ya tarakilishi inavyoanza kunguruma ukifungua programu nzito. Wapi! Nyongeza ni ndogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya nishati inatumika tayari, hata ukiwa umekaa tu unatazama dari.

Inatumika kufanya nini? Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walieleza jambo lililokuwa likiwatatiza. Walikuwa wakipiga picha za ubongo watu wanapofanya zoezi fulani, na kuzilinganisha na picha za watu hao hao wakipumzika. Kuna sehemu za ubongo zilizokuwa zikipunguza kazi zoezi linapoanza, na kuirudia zoezi linapokwisha. Yaani kuna mtandao mzima unaochapa kazi pale ambapo wewe hufanyi lolote. Tangu hapo watafiti wameuhusisha na kukumbuka yaliyopita, kuwazia yajayo, na kujiweka katika nafasi ya mtu mwingine.

Wapenzi wa tarakilishi mtakumbuka SETI@home. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1999 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ulikuwa ukiweka programu nyumbani kwako, na ukiacha kutumia mashine yako, skrini inageuka na tarakilishi inaanza kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, ikitafuta dalili za viumbe wengine. Ukigusa kipanya, inaacha. Mamilioni ya watu walijiunga, mpaka mwezi Machi 2020 mradi uliposimamisha kugawa kazi mpya. Ukipita nyuma ya mtu ukaona hiyo skrini ungesema mashine imelala, kumbe ndio inafanya kazi kuliko wakati wowote.

Matatu ya Bwana Poincaré

Henri Poincaré alikuwa mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa. Mwaka 1908 alisimulia namna alivyokuwa ameng'ang'ana na swali moja kwa siku kumi na tano, kila siku akikaa mezani bila mafanikio. Baadaye aliondoka Caen alikokuwa akiishi, akaenda safari ya kutazama miamba, na safari ikamsahaulisha hesabu zote. Walipofika mji wa Coutances wakapanda gari la abiria. Alipoweka mguu kwenye ngazi, wazo likaja. Hakulikagua hata kidogo. Alikaa akaendelea na mazungumzo yake, akiwa na uhakika kabisa, na aliporudi nyumbani ndipo akathibitisha.

Sisi wa Nairobi tunamwelewa vizuri Bwana Poincaré.

Katika ule mfumo wa vyama vya akiba kulikuwa na hitilafu iliyokuwamo kabla mimi sijafika. Siku nyingine hesabu za siku zililingana, siku nyingine hazilingani, na kilichopungua leo kilionekana kimezidi jana. Nilikaa nayo siku tatu. Nilibonyeza kibodi sana siku hizo, na ile programu ya kupima muda ilinipenda kweli kweli.

Siku ya nne nilienda mjini kuchukua viatu kwa fundi. Barabara ya Jogoo ilikuwa imefungamana, matatu haisogei, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Kando yangu alikaa mama mmoja akiongea na mtu kwenye simu, akilalamika kwamba yeye huamka saa saba usiku ili saa nane awe Marikiti kununua mboga, halafu mtu anamwita mvivu. Nilikuwa nikimsikiliza nusunusu, nikitazama kioo. Ghafla, lo! Saa nane usiku.

Seva ya kampuni ilikuwa ikitumia saa za kimataifa, nasi huku tuko mbele kwa saa tatu. Mama akilipa saa nane usiku wa Jumatano, seva inaona saa tano usiku ya Jumanne. Anayelipa mchana hana shida. Lakini wanaolipa kati ya saa sita na saa tisa usiku, yaani watu wa Marikiti wenyewe, pesa zao zilikuwa zikiandikwa siku ya nyuma. Ndiyo maana hesabu ziliharibika zaidi siku ambazo soko limechangamka.

Nilirudi nyumbani, nikarekebisha mistari minne. Nilitumia dakika kumi na tano, nami nikalipwa dakika kumi na tano. Muda niliokaa kwenye matatu ulikuwa sifuri kwenye ile saa.

Sasa usinielewe vibaya. Zile siku tatu hazikuwa bure. Bila hizo, maneno ya yule mama yangepita kama kelele nyingine za barabarani. Mwingereza Graham Wallas aliliandika jambo hili mwaka 1926, akasema ubunifu hupitia hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kuangaziwa, kisha kuhakiki. Neno kuatamia ndilo linalonifurahisha. Kuku anayeatamia mayai, ukimtazama, hafanyi kitu. Lakini mwondoe pale uone kama utapata vifaranga. Tena, kuku asiyetaga hana cha kuatamia!

Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya matokeo ya majaribio 117 kuhusu jambo hili, wakakuta kwamba kuatamia ni kitu cha kweli. Waliopewa mapumziko katikati ya tatizo walifanya vizuri zaidi, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamepambana na tatizo kwa muda mrefu kabla ya kupumzika. Yaani jasho kwanza, halafu kivuli.

Mahindi ya mama

Kuna jambo jingine katika utafiti huo lililonigusa. Kwenye mafumbo ya maneno, kama hilo nililokupa, mapumziko yaliyosaidia zaidi yalikuwa ya kazi nyepesi, kuliko kukaa tu au kufanya kazi nyingine nzito.

Nikamkumbuka mama. Nikienda nyumbani Taita wakati wa mavuno, jioni tunakaa uani tunapukuchua mahindi. Mikono inajua kazi yake, akili haihitajiki. Hapo ndipo mama huamua mambo yote ya nyumba: nani atasomeshwa kwa mbuzi gani, mgogoro wa mpaka utasuluhishwa vipi, nani aombwe radhi. Nilidhani ni mazoea tu ya wazee. Kumbe ile ndiyo ofisi yake.

Safari iliyopita nilimweleza habari za ile saa yangu.

"Kwa hiyo ukifikiri bila kugusa hiyo mashine hulipwi?" akauliza.

"Silipwi, mama."

Akapukuchua gunzi zima kabla hajajibu. "Basi, mwanangu, hao hawajakuajiri wewe. Wameajiri vidole."

Sekunde moja na nusu kabla ya "kumbe!"

Turudi kwenye maabara kidogo. Mwaka 2004 Mark Beeman, John Kounios na wenzao walichapisha utafiti uliotumia mafumbo ya maneno matatu, ya aina ya lile letu. Watu walivalishwa vifaa vya kusoma umeme wa ubongo. Kila walipopata jibu walisema kama limewajia kwa hesabu ya polepole au limewazukia tu.

Yale ya kuzuka yalikuwa na alama yake. Karibu theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajabonyeza kitufe, kulikuwa na mlipuko wa mawimbi ya kasi upande wa kulia, juu kidogo ya sikio. Lakini kinachonishangaza ni kilichotangulia hapo. Yapata sekunde moja na nusu kabla ya jibu, upande wa nyuma wa ubongo, unaoshughulika na kuona, ulitoa mawimbi ya polepole yanayoitwa alfa. Hayo ndiyo mawimbi ambayo Mjerumani Hans Berger aliyaeleza mwaka 1929, na huonekana zaidi mtu akifumba macho na kutulia. Kwa lugha nyingine, ubongo ulipunguza kwanza taarifa za macho, kama mtu anayezima redio ili asikie mlango unaobishwa.

Ndiyo sababu naona bafu lina sifa zake. Ile hadithi ya Archimedes kupata wazo akiingia majini iliandikwa na Vitruvius karibu miaka mia mbili baada ya kifo chake, kwa hiyo sitaapa nayo. Lakini fikiria mwenyewe: bafuni hakuna simu, hakuna skrini, mikono inajua kazi yake, na hakuna anayekuita. Wenzetu husema mawazo huja chini ya shawa. Mimi mtaa wangu maji huja kwa mgao na naoga kwa ndoo, lakini mawazo hayabagui!

Kutembea je?

Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwajaribu watu 176. Walipokuwa wakitembea, uwezo wao wa kubuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida uliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 ukilinganisha na walipokuwa wamekaa. Hata waliotembea juu ya mashine ndani ya chumba, wakitazama ukuta mtupu, walinufaika. Lakini kwa maswali yenye jibu moja tu, waliotembea walifanya vibaya kidogo. Basi tembea ukitafuta mawazo, kaa ukiyapiga msasa.

Kikombe mkononi

Na usingizi? Hapa kuna habari mbili nzuri.

Ya kwanza ni ya Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria. Alisimulia kwamba usiku mmoja aliota jaribio la kuonyesha kama neva huzungumza na moyo kwa kemikali. Akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakubahatisha, akaenda moja kwa moja maabara, akatumia mioyo miwili ya vyura, na jaribio likafaulu. Alilichapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Funzo kwa wanaprogramu: andika maelezo yanayosomeka.

Ya pili ni ya mwaka 2021, kutoka Paris. Célia Lacaux, Delphine Oudiette na wenzao waliwapa watu 103 maswali ya hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa. Kisha wakawapa dakika 20 za kupumzika kitini gizani, kila mtu ameshika kikombe mkononi. Ukisinzia sana, kikombe kinaanguka unaamka. Miongoni mwa waliosinzia usingizi ule wa mwanzo kwa angalau sekunde 15, asilimia 83 waligundua njia ya mkato baadaye. Kwa waliobaki macho ilikuwa asilimia 30, na kwa waliozama zaidi usingizini asilimia 14 tu. Kwa hiyo ni kusinzia, si kukoroma. Usimpelekee bosi wako nusu ya habari.

Mambo mawili ya kutupilia mbali

Kwanza, ile kauli kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Si kweli. Umeona hapo juu: hata ukikaa kimya unafanya kazi, na picha za ubongo huonyesha sehemu zake zote zikitumika kwa nyakati zake.

Pili, kwamba kuna watu wa ubongo wa kulia, wasanii, na watu wa ubongo wa kushoto, wahasibu. Ni kweli kazi fulani huegemea upande mmoja, kama lugha kwa watu wengi kuegemea kushoto. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu 1,011 wala hawakukuta watu ambao upande wao mmoja umetawala mwingine. Usikubali mtu akuambie hesabu zimekuondolea usanii.

Na tahadhari moja. Akili kuzurura si dawa ya kila kitu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya muda mawazo yalikuwa mahali pengine, na kwa wastani watu hao walikuwa na furaha kidogo kuliko waliokuwa wametulia kwenye walilolifanya. Kukaa ukiwaza deni la kodi ya nyumba si kuatamia. Huko ni kuchomwa polepole.

Na ule mkataba?

Niliwaandikia barua pepe. Niliwaeleza habari za Marikiti na saa nane usiku, nikapendekeza wanilipe kwa kila kazi iliyokamilika badala ya kila dakika ya vidole. Wakajibu kwa heshima kwamba sheria ni moja kwa wote. Naelewa upande wao. Mtu aliye ng'ambo haoni uso wangu, na anaogopa kulipia usingizi. Wako rafiki zangu wanaonunua vifaa vya kutikisa kipanya chenyewe ili saa isisimame. Yaani mashine inaidanganya mashine, huku binadamu wawili wakilipana kwa huo mchezo.

Mkataba ulipoisha sikuuongeza. Haikuwa rahisi. Nina karo ya mdogo wangu, na wateja nilio nao sasa hapa mjini hulipa kidogo na wengine hulipa kwa kuchelewa. Kuna mwezi nimehesabu shilingi mpaka za nauli. Lakini wananiuliza tu, "Imefanya kazi?" Ikiwa imefanya kazi, tumemalizana.

Siku hizi nimejiwekea taratibu chache. Nikikwama baada ya kujaribu kweli kweli, naandika swali kwenye karatasi kwa sentensi moja, kisha naondoka nikaoshe vyombo au nizunguke mtaa. Kwenye foleni simu inakaa mfukoni. Kwenye matatu sivai vipokea sauti. Na kando ya kitanda kuna daftari na kalamu, kwa heshima ya Bwana Loewi.

Jaribu wiki moja tu, halafu ujiangalie. Na kama una mfanyakazi anayetazama dirishani, usimkurupushe mara moja. Muulize kwanza anaatamia nini.

Haya, jibu la chemshabongo ni MWANA: mwanasheria, mwanamichezo, mwanahabari. Kama lilikuzukia katikati ya kusoma, ulikuwa umefika wapi?